Ufizi wa Kibwengo

Inspekta Sindano alikibana kichwa cha kibwengo kwa kibano, akakielekeza dirishani na kuchungulia ndani ya shingo. Kichwa chenyewe hakikuzidi punje ya hindi. Kilikuwa na kofia, masharubu, na cheko la mtu aliyekwisha kunywa maziwa ya jirani.

"Pinki," akasema.

"Pinki tupu," Meneja wa makumbusho akaitikia. "Kutoka utosini hadi unyayoni. Na wenzake kumi na mmoja vilevile. Tumevikwangua vyote kwa chini."

"Na ilitakiwa iweje?"

Meneja, mtu wa tai na jasho, alichomoa picha kubwa kutoka kwenye bahasha akaitandaza mezani. Ilionyesha kibwengo kilekile kikiwa kizima, kimempanda konokono. "Tazama. Hii kofia ni kizibo cha kichupa cha dawa. Mkono wa kulia ni wa mwanasesere, wa kushoto ni jino la uma. Konokono mwenyewe, nyumba yake ni birika la kuchezea watoto, na pembe zake ni springi za kalamu. Ukikivunja cha kweli unakuta shaba, bati, mbao, plastiki za kila namna, na gundi. Mabaki, Inspekta! Hiyo ndiyo sifa yake yote. Sasa hiki hapa kimemiminwa mara moja, kitu kimoja, kama kipande cha sabuni, kisha kikapakwa rangi juu. Tumeletewa nakala. Tumefanywa watoto."

Walimwita Sindano tangu chuo cha polisi. Wengine walidhani ni kwa ule wembamba wake. Waliowahi kuhojiwa naye walikuwa na maelezo tofauti.

Kesi yenyewe kituo kizima kilikuwa kimeshaicheka. Fundi Saa, mzee wa miaka sabini na minne aliyestaafu kutengeneza saa, alikuwa ameishi miaka thelathini akiunda vijitu vya urefu wa kidole gumba: joka mshona viatu, bibi chura anayefulia kwenye kifungo cha koti, kibwengo mpanda konokono. Hakununua kitu. Kila kiungo kilikuwa cha kuokota, kilichobaki kwenye kitu kingine kilichokufa. Makumbusho ya vitu vya kuchezea yakampa chumba kizima, jina lake juu ya mlango, ufunguzi Jumamosi. Kisha juzi mwanamke anayepanga makabati ya vioo akakiangusha kimoja, na shingo ikatoa siri.

Meneja hakuzunguka mbuyu. Mzee ameficha vya kweli, kawaletea vya bandia. Mkuu wa kituo naye alikuwa ametoa muda: saa kumi alasiri ya leo jalada linakwenda kwa mwendesha mashtaka, na Fundi Saa anaingia mahabusu kwa utapeli.

Sindano hakutaka iwe hivyo. Siku ya kwanza alimtazama mzee yule machoni akamwona mkweli, akamtetea mbele ya mkuu wake mara mbili, tena kwa sauti ya juu. Haikuwa desturi yake kumtetea mtu kabla ya ushahidi. Lakini mzee alikuwa na namna yake ya kutamka "mwanangu," iliyokuingia mpaka moyoni.

Akachukua kioo cha kukuzia. Akaangalia picha, akaangalia kichwa, akarudi kwenye picha.

"Mbona macho si yaleyale?"

Meneja akainama. Kwenye picha, jicho la kushoto la kibwengo lilikuwa limepotea njia, mboni imekimbilia sikioni. Kwenye kichwa kilichovunjika macho yote mawili yalitazama mbele, meupe safi, na katikati ya kila mboni palikuwa na nukta nyeupe ya mwanga, ndogo mno hata ungedhani ni vumbi.

"Ah, hilo!" Meneja akacheka kidogo. "Miezi sita iliyopita tulikwenda kumpiga picha kwenye karakana yake. Tukamwomba apake rangi kidogo tumwone akiwa kazini. Akachukua hikihiki, akakirudishia jicho mbele yetu. Mkono ukamcheza. Tukasema acha ilivyo, ndiyo mguso wa msanii."

"Kwa hiyo kilema hicho kilipatikana mbele ya macho yenu."

"Mbele ya macho yetu."

"Na nakala haina kilema."

Meneja akajifuta jasho. Hakuona kinachosumbua, na Sindano hakumwonyesha. Mwizi anayeiga, aliwaza, huiga mpaka kovu, kwa sababu kovu ndilo linalokaguliwa. Huyu alikuwa na kibwengo mkononi, akaliona lile jicho, likamkera, akalinyoosha. Ni mtu wa namna gani anaiba huku anasahihisha?

Kulikuwa na jambo la pili ambalo pia hakulisema. Pinki ile aliijua. Kila asubuhi ilimtazama kutoka kwenye glasi ya maji jikoni kwa mama yake, ikiwa na meno kumi na manne. Ilikuwa rangi ya ufizi wa kununua.

"Nakiomba hiki," akasema, akakifunga kichwa kwenye karatasi. Saa ya ukutani ilisema saa nne na nusu.

*

Koplo wake, kijana mnene mwenye haraka ya kufunga watu pingu, alikuwa ameshampata mtu wake. Dereva aliyeleta masanduku alitumia saa mbili kwa safari ya dakika arobaini. Walimkuta anaosha gari lake dogo la mizigo, ndala miguuni, suruali imekunjwa magotini.

"Afande, hapa ndipo penyewe," Koplo akanong'ona. "Saa nzima na dakika ishirini haijulikani alikuwa wapi."

"Inajulikana," Dereva akasema, maana Koplo kunong'ona hakujua. "Nilikuwa nanyoa. Kinyozi alikuwa na foleni. Mnataka nilete nywele?"

"Ukaacha masanduku garini?"

"Niliingia nayo ndani, nikayaweka mapajani. Muulizeni kinyozi, alinitukana. Karatasi za gundi zilikuwa zimezunguka kila sanduku mara tatu, na sahihi juu ya maungio. Makumbusho waliyakagua yote kabla ya kuyafungua, wakanipa risiti. Mimi nimebeba vioo miaka kumi na tisa, afande. Sijavunja hata kimoja."

Ilikuwa kweli. Sindano alikuwa ameziona zile karatasi, hakuna iliyoguswa. Kama Dereva ni msafi, basi badiliko lilifanyika kabla ya masanduku kutoka nyumbani, na maelezo ya mzee yalikuwa kwenye jalada, yenye sahihi: *nilivipanga mwenyewe, nikafunga mwenyewe, nikamkabidhi dereva kwa mikono yangu miwili*. Mzee alikuwa amejifungia mlango kwa ndani na kumeza ufunguo.

Akauliza kwa kuuliza tu, kama mtu anayesafisha sahani ya mwisho. "Mzee alipokukabidhi alisema nini?"

"Mzee? Mzee sikumwona. Niliambiwa yuko bafuni. Alinikabidhi yule mama."

Koplo akaacha kuandika.

"Mama yupi?" Sindano akauliza.

"Mfupi, wa makamo ya juu. Koti jeupe kama la daktari. Aliniambia niyabebe kama nabeba mayai, na kwamba nikiyaangusha atanifuata mpaka kaburini anidai. Nikamwambia mama, wewe ungefaa kuwa mke wangu wa kwanza. Akacheka."

"Mbona juzi hukusema?" Koplo akafoka.

"Juzi mliniuliza nilisimama wapi. Mimi najibu ninachoulizwa."

Sindano alirudi kwenye gari. Koplo alitaka kusema kitu, akamwangalia usoni, akaahirisha. Kilichomuuma Inspekta hakikuwa kwamba mashahidi hudanganya. Mashahidi hudanganya, ndiyo kazi yenyewe. Ni kwamba alikuwa amempa mzee yule imani yake bila risiti, na mzee akaipokea mchana kweupe, akamwambia *mwanangu*, akamtazama machoni na kumdanganya. Alijiona mjinga, na hakuna kitu alichokichukia zaidi.

*

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu, marahaba! Karibu, pita, angalia tu usikanyage mkia wa joka. Umewakamata?"

Karakana ya Fundi Saa ilikuwa chumba cha nyuma chenye dirisha moja kubwa. Ukuta mzima ulikuwa droo ndogondogo zenye vibandiko: MIKONO. MIGUU. VICHWA VISIVYO NA WENYEWE. VITU VYENYE TUNDU. HUENDA VIKAFAA. Mezani palikuwa na kitu kipya, tumbo la kufuli bovu lililofungwa miguu minne ya dubu wa plastiki, bado halina uso. Hata siku ile, na hasira zake, Sindano alikiangalia kitu kile akataka kucheka. Kilikuwa kimesimama kwa kiburi, kama mwenyekiti wa kikao.

Akaacha macho yatembee. Alikuwa amekaa chumba hiki mara mbili, akaona msanii na droo zake. Leo aliona viti. Cha mzee kilikuwa kirefu, kimepauka. Upande wa pili wa meza, palipo na nuru nzuri zaidi ya dirisha, palikuwa na kiti kifupi chenye mto, na mbele yake kigae kilichojaa madoa ya rangi na brashi tisa zimelazwa kwa ukubwa. Nyuma ya mlango liliangikwa koti jeupe. Lisingemfika mzee kiunoni.

"Mzee, nina ombi dogo. Nipakie jicho."

"Jicho?"

"Jicho moja. Kwenye kipande chochote. Meneja kaniambia alikuona ukipaka, nami nikatamani."

Mzee akacheka, akatafuta kichwa kwenye droo, akachukua brashi. Aliichovya. Ncha ilipokaribia ikaanza kucheza, juu, chini, ubavuni, na kadiri alivyobana ndivyo ilivyozidi. Akaipandisha, akaishusha, doa jeusi likaangukia pua. Akaiweka brashi.

"Leo mkono umechoka. Uzee huu, mwanangu."

"Ulianza lini?"

"Juzijuzi tu."

"Picha ya kibwengo ni ya miezi sita, na jicho lake limekwenda sikioni. Vile kumi na viwili umeandika mwenyewe kwamba ni vya miaka miwili ya karibuni. Kuna mmoja pichani nimemhesabia kope kwa kioo. Kope, mzee. Nani alizipaka?"

"Mimi."

"Nani alifunga masanduku?"

"Mimi. Nilikwishaeleza."

"Nani alimkabidhi dereva?"

Mzee akachukua kile kitu cha kufuli, akaanza kukifuta vumbi ambalo hakikuwa nalo. "Mimi, mwanangu. Naishi peke yangu, nafanya kazi peke yangu. Mke wangu alifariki zamani. Unataka nimzue mtu?"

"Saa kumi unaingia ndani. Unanielewa? Kwa maneno yako haya, mtu pekee aliyeweza kuvibadilisha ni wewe. Nimekutetea mpaka nimeishiwa mate. Nipe jina moja tu."

"Sina jina la kukupa."

Alisema bila kupepesa, kwa upole uleule. Sindano akamtazama mdomo. Meno yalikuwa mazuri kupita umri, yamekaa sawasawa, hata ufizi umetiwa vimishipa vyekundu vyembamba ili usionekane wa dukani.

"Meno yako yamependeza, mzee. Fundi wako nani?"

Fundi Saa akafunga mdomo. Akaufungua kidogo tu. "Hospitali," akasema.

Sindano alisimama, akaenda nyuma ya mlango, akaligeuza lile koti. Kwenye mfuko wa kifua palikuwa pametariziwa jino lenye tabasamu, na chini yake: *Meno ya Bandia, nyuma ya posta*. Alimtazama mzee. Mzee alikuwa anatazama dirisha.

*

Chumba cha meno ya bandia kilinukia plasta mbichi na dawa kali ya kuyeyushia. Kwenye rafu taya za plasta zilikaa mistari kwa mistari, kila moja na karatasi ya namba. Mwanamke mfupi wa miaka sitini na kitu alikuwa ameinamia mashine ndogo ya kusagia, miwani imeshuka puani. Aliizima, akamtazama Sindano, kisha Koplo, kisha ile karatasi mkononi mwa Sindano.

"Amenitaja?" akauliza.

"Nani?"

"Kaka yangu."

"Hapana," Sindano akasema. "Koti lako limekutaja. Shikamoo, mama."

"Marahaba." Sauti ilikuwa imeshuka. Alivua miwani akaifuta kwa upindo wa koti, taratibu, kioo kimoja na kingine, akaivaa tena. "Basi kaeni. Juu pale, nyuma ya taya za namba mia mbili. Vyote kumi na viwili. Koplo ni mrefu, avishushe, lakini anawe mikono kwanza."

Koplo akanawa mikono. Hakuwahi kuonekana mpole namna ile. Akavishusha kimojakimoja, joka, chura, konokono na birika lake, na kibwengo jicho limekimbilia sikioni.

Sindano akafungua karatasi, akaweka kile kichwa cha pinki mezani. "Kalibu ya kuvimiminia ni yako?"

"Kalibu yangu, akriliki yangu ya ufizi, rangi zangu. Usiku na mchana siku tisa. Kutoa nakala ya chura si kama kutoa taya, ana mapaja yule."

"Na jicho?"

Dada mtu akatabasamu kidogo, tabasamu la aibu. "Najua. Ilibidi niliige lilivyo. Nilijaribu, afande, kweli nilijaribu. Mkono ulikataa. Macho ya vibwengo vyote ni yangu, miaka ishirini na sita. Yeye anaunganisha, mimi napaka. Akiniletea kufuli lenye miguu namuuliza, huyu ana hasira au ana njaa? Ananiambia. Nampaka. Siku wale watu wa kamera walipokuja aliniambia nikae jikoni kidogo, chumba kisijae. Nikakaa jikoni. Nikasikia wanashangilia. Walipoondoka nikaona alivyomfanya yule, nikasema haya, si kitu, ni siku moja."

"Lakini haikuwa siku moja."

"Makumbusho walituma maandishi ya kibao cha mlangoni, yahakikiwe. Macho yake siku hizi hayasomi herufi ndogo, mimi ndiye msomaji. Akaniambia, nisomee. Nikamsomea." Akayasema kwa moyo, neno kwa neno. "*Vyote vimebuniwa, kuundwa na kupakwa rangi kwa mkono mmoja.* Nikasimama hapo. Nikangoja. Nikasoma tena, polepole, labda hakusikia. Akasema, iko sawa, watumie."

Bomba la maji lilikuwa linadondosha kwenye sinki. Koplo akaenda kulifunga.

"Nikawatumia," akaendelea. "Kisha nikasema, mkono mmoja? Vema. Wacha wapate vya mkono mmoja. Nilivimimina mwenyewe, nikavipaka mwenyewe, nikavifunga mwenyewe. Kaka alitia sahihi tu kwenye karatasi. Kile kibao kikawa kinasema kweli, ila mkono ni mwingine. Sikukusudia zaidi ya hapo. Nilitaka nipite Jumamosi, nisome mlango, nijue moyoni kwamba haudanganyi."

Ilikuwa akili ya ajabu, na Sindano alipata kazi kuuzuia uso wake usicheke. "Mama, siku tatu hizi kaka yako anatishiwa jela. Ulikuwa unangoja nini?"

"Anitaje."

"Ungeweza kuja kituoni."

"Ningeweza. Lakini alikuwa na neno moja tu la kusema, afande. 'Nina dada.' Mkimuuliza nani alifunga, dada. Nani alipaka, dada. Ningekuja mbio na vibwengo kwenye beseni, nikakiri yote, nikapiga magoti. Nikajiambia leo atasema. Kesho atasema, akiogopa atasema. Hivi kweli mtu anachagua kufungwa kuliko kusema anasaidiwa na dada yake?"

 Sindano alikuwa ametoka kumwona mtu akichagua hivyo, kwa upole, bila kupepesa. Uchungu aliokuwa nao tangu asubuhi, wa kudanganywa yeye, ukamwonekea mdogo kama kidonda cha kiatu.

Akavuta kiti. "Nisikilize vizuri. Ninavyoona mimi, kuna njia mbili. Ikiwa vitu hivi ni vyenu wote wawili, basi hujaiba. Mtu haibi chake. Mmegombana ndani ya nyumba, vya kweli vinarudi makumbusho, naandika hivyo na jalada nalifunga leo. Ikiwa ni vyake peke yake, wewe umechukua mali ya mtu na kughushi kumi na viwili. Hapo si mimi tena, ni mahakama. Na huna karatasi, huna sahihi, huna picha. Shahidi ni mmoja tu."

"Yeye."

"Yeye."

Dada mtu alivua koti jeupe, akalikunja, akatoa kitana kwenye mkoba na kujitengeneza nywele mbele ya kioo kidogo cha kupimia meno. Mikono yake ilikuwa imetulia kabisa. "Basi muulizeni nikiwepo," akasema. "Kunikana nyuma ya mlango ni rahisi. Usoni hawezi. Yule ni kaka yangu, afande, mimi ndiye niliyemfunga kamba za viatu alipovunjika mkono. Atasema."

*

Saa kumi kasorobo walikuwa wamekaa wote watatu kwenye chumba cha mahojiano, chumba chenye meza ya bati na feni isiyozunguka. Vibwengo vya kweli vilipangwa mezani juu ya gazeti. Fundi Saa aliingia, akaviona, akamwona dada yake. Akakaa. Hakumsalimia.

"Shikamoo, kaka," dada akasema.

"Marahaba."

Sindano alifungua ukurasa mpya. Alikuwa amefanya kazi hii miaka kumi na saba, na hakukumbuka kama aliwahi kulitamani jibu kiasi kile. Aliuliza taratibu, akiacha nafasi kati ya maneno, ili asije mtu akasema hakusikia.

"Mzee, vitu vyako vimepatikana. Hutashtakiwa kwa utapeli, hilo limekwisha, lisikusumbue. Sasa nakuuliza jambo moja, na jibu lako ndilo litakaloamua huyu mama analala wapi leo. Vibwengo hivi mmevitengeneza nani na nani?"

Mzee aliviangalia. Alinyoosha mkono, akamgusa konokono kwenye birika kwa kidole kimoja. 

"Nimevitengeneza mimi," akasema.

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Na dada yako?"

 Mzee akamtazama Sindano kwa yale macho yake mema, yaleyale ya siku ya kwanza.

"Huyu alikuwa ananisaidia tu, mwanangu. Kuosha brashi."

Kalamu ya Sindano ilisimama juu ya karatasi. Alitaka kumshika mzee yule mabega amtikise mpaka meno yale mazuri yadondoke mezani. Badala yake akarudia swali, kinyume cha taratibu zote, kwa sababu alitaka kumpa nafasi nyingine. Akarudishiwa jibu lilelile, na safari hii lilitoka kwa urahisi zaidi.

"Andika, afande," dada mtu akasema. Hakulia. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeletewa habari ya msiba ambayo kwa kweli alikuwa nayo tangu juzi. "Andika alivyosema, usimpunguzie neno."

Sindano akaandika. Alimsomea mzee maelezo yake kwa sauti, yote, mpaka kuosha brashi, naye mzee akaitikia kwa kichwa na kutia sahihi. Koplo akakusanya vibwengo kimoja baada ya kingine, akaviviringisha kwenye pamba.

Fundi Saa alipoona pamba akashtuka. "Vinakwenda makumbusho moja kwa moja? Ufunguzi bado ni Jumamosi?"

Sindano akajishughulisha na jalada. Aliogopa kitakachomtoka.

"Ni Jumamosi, kaka," dada yake akasema. "Saa tatu asubuhi. Vaa lile koti la kijivu, nimeshalipiga pasi, liko kabatini upande wangu."

Kisha akainuka mwenyewe kabla ya kuambiwa, akamuuliza Koplo ni mlango upi.